Kuba moja kwa chokaa: shajara ya kujenga kipande cha Msikiti Mkuu wa Kilwa

11 Juni 2022: Tunachojenga

Uongozi wa shule umetupa kona ya uwanja nyuma ya bwalo, na klabu ya historia imepata kazi ya mwaka. Tutajenga kipande kimoja cha Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: nguzo nne za pembe nane, matao manne juu yake, na kuba moja. Kitakuwa kidogo kuliko cha kweli. Kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo ni mita 1.5, na kutoka chini hadi tao linapoanzia ni mita 1.4. Mwanafunzi ataweza kuingia na kutazama juu. Hapatakuwa na saruji wala nondo. Mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na miti, basi.

Wenzangu walipendekeza mfano wa maboksi uliopakwa rangi, wa kuweka mezani siku ya mahafali. Ungekuwa rahisi na msafi. Lakini boksi husimama hata ukilikosea, na habari ya msikiti ule yote iko kwenye paa: liliezekwa, likaanguka, likaezekwa tena kwa akili nyingine. Nataka wanafunzi wajenge kitu ambacho kikikosewa kinawaambia.

Naandika gharama na hasara zote, ili shule ya Mafia, Bagamoyo au Lamu ikitaka kuiga ijue pa kubana pesa na pa kutobana.

25 Juni 2022: Kulisoma jengo

Tumevuka kwenda Kisiwani. Ni kilomita mbili hivi za maji, lakini kusi lilikuwa limechachamaa na wote tulifika tumelowa. Mashua, viingilio na chakula cha wanafunzi vimekula sh. 160,000. Usiiondoe safari hii kwenye bajeti. Picha hazionyeshi unene wa nguzo.

Wageni wengi hukimbilia upande wa kusini wenye kuba, wakapiga picha, wakaondoka. Sisi tulianzia kaskazini, kwenye kibla, kwa sababu ndiko msikiti ulikoanzia. Ukumbi huu mdogo ni wa karne ya 11 au ya 12. Ulikuwa na nguzo tisa, tatu kwa tatu, zilizogawa ukumbi vyumba 16 visivyo na kuta, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo, na paa lake lilikuwa bapa. Nguzo za kwanza zilichongwa kwa tumbawe, baadaye zikawekwa za mbao. Wanafunzi walisimama mahali pa nguzo hizo, kila mmoja nguzo moja, na papo hapo msichana mmoja akaona kasoro: safu ya katikati inakaa sawasawa mbele ya mihrabu. Maamuma aliyekuwa nyuma ya nguzo hakumwona imamu.

Kwa nini nguzo zisongamane hivyo? Sababu ni boriti. Paa bapa la pwani ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe bapa, juu ya mawe zege zito la chokaa lililotwangwa mpaka likashikana. Mzigo huo boriti haiwezi kuubeba kwa urefu wa zaidi ya mita 3 hivi, na mara nyingi ni chini ya hapo. Ndiyo maana hata vyumba vya nyumba za mawe, Kilwa na Lamu, ni vyembamba na virefu. Mti ndio uliopima chumba.

Upande wa kusini ni habari nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 14 Kilwa ilikuwa imeshiba dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, alijenga kasri la Husuni Kubwa na kuupanua msikiti kuelekea kusini kwa eneo kubwa kuliko ule wa zamani. Ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, mwaka 1331. Akaongeza na chumba chenye kuba kubwa upande wa kusini mashariki. Afrika Mashariki haikupata kuba kubwa kuliko ile mpaka karne ya 19. Nguzo za upanuzi zilikuwa za jiwe moja moja la tumbawe lililochongwa. Paa hilo likaanguka. Karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, likajengwa upya kwa kuba na dari ndefu za tao, juu ya nguzo za pembe nane za kifusi cha mawe na chokaa. Hizo ndizo tunazoziona leo, na moja kati ya vyumba vyake ndiyo tunayoiga.

Kwenye nguzo moja iliyobanduka lipu tulichungulia ndani. Hakuna jiwe kubwa. Vipande vya ukubwa wa ngumi, vimelazwa bapa, katikati yake chokaa yenye chembe nyeupe za matumbawe. Kijana wetu mmoja, baba yake ni fundi mwashi, alikunja uso: "Mwalimu, hiki si ni kifusi?" Ndiyo, ni kifusi. Kimebeba kuba miaka mia sita hivi.

16 Julai 2022: Mawe na tanuri, moto wa kwanza

Wajenzi wa Kilwa walikuwa na matumbawe ya namna mbili. La nchi kavu, jiwe gumu la kale linalochimbwa ardhini, lilikwenda kwenye kuta. La baharini lilikatwa likiwa bichi, laini, linachongeka, kisha likikaa hewani linakuwa gumu; hilo lilikuwa la mihrabu, miimo ya milango na nakshi. La baharini hatuligusi. Kuvunja matumbawe hai ni kosa kisheria, na samaki wetu wanazaliana humo humo. Tumenunua Fuso moja ya mawe ya nchi kavu kwa sh. 150,000, mengine ya kujengea, mengine ya kuchoma.

Chokaa ya mfuko ingepatikana dukani. Tumechoma wenyewe kwa sababu bila tanuri mwanafunzi hajui kwamba kila kuba ile ilikula msitu. Mzee mmoja wa hapa, mchoma chokaa tangu ujana wake, amekubali kutuongoza kwa sh. 100,000 kwa kazi nzima. Tanuri lenyewe ni la wazi: magogo hupangwa duara, katikati huachwa tundu, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa kupitia tundu. Kuni zetu ni za mikorosho mizee iliyokatwa shambani, sh. 80,000.

Moto wa kwanza umeharibika. Kusi lilivuma usiku kucha, upande mmoja ukawaka mpaka magogo yakaporomoka, upande wa pili ukabaki na masizi. Tulipopasua mawe, ganda lilikuwa jeupe na nyepesi, kiini bado jiwe. Mzee alikuwa ameshasema tangu jioni. "Mwalimu, jiwe kama kichwa cha ng'ombe, moto utafika ndani saa ngapi?" Jiwe la chokaa linahitaji joto la nyuzi 900 hivi mpaka katikati ili hewa ya kaboni iliyomo itoke. Kilo 100 za jiwe safi zikiiva sawasawa hubaki kilo 56, kwa hiyo kipimo cha haraka ni mkono: jiwe lililoiva ni jepesi kwa namna inayokushtua. Likiwa bado zito, halikuiva.

6 Agosti 2022: Moto wa pili, na kuzima

Mabadiliko matatu. Mawe yote yamevunjwa kufikia ukubwa wa ngumi. Magogo yamepasuliwa na mapengo kujazwa matawi. Upande wa kusini tumesimamisha mabati chakavu kuzuia upepo. Kuni safari hii ni sh. 95,000, na karibu rundo lote limeiva.

Kuzima chokaa ndiyo hatua ya hatari kuliko zote. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka na kurusha matone, na tone moja jichoni linaweza kumpofusha mtoto. Wanafunzi walikaa nyuma ya kamba. Waliokaribia shimo ni watu wazima watatu, wenye miwani na glavu, maji safi ya kunawia yakiwa kando. Maji hutangulia shimoni, chokaa hufuata kidogo kidogo; usifanye kinyume. Kisha tumeiacha chini ya maji mpaka ilainike, maana punje isiyozimika ikiingia kwenye lipu itakuja kufumuka baadaye na kuacha tundu. Vifaa vya usalama, turubai na ndoo: sh. 95,000.

Kazi inasimama hapa kwa muda. Walimu wengi, mimi nikiwemo, ni makarani wa sensa. Chokaa haidhuriki kwa kungoja, inazidi kuwa nzuri.

3 Septemba 2022: Nguzo iliyooza ndani

Tumejaribu njia aliyoizoea fundi wetu mwashi: kufunga mbao za pembe nane, kumimina mchanganyiko wa chokaa kipimo 1 na mchanga vipimo 3 pamoja na kifusi, kushindilia, kungoja, kufungua. Nguzo ilitoka safi, pembe zimenyooka, watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye ikatumbuka chini na kupasuka. Tulipoivunja, ganda lilikuwa gumu unene wa kucha, ndani ni ute ute unaokatika kwa mwiko.

Saruji hugandishwa na maji yake yenyewe, hata ukiifungia ndani ya mbao. Chokaa tupu haigandi hivyo. Inakuwa gumu kwa kuvuta kutoka hewani ile ile hewa ya kaboni iliyoitoa tanurini, na hewa huingia polepole sana, milimita chache kwa mwezi. Sisi tuliifungia ndani ya mbao, tena tukaimimina nene.

Tiba ni mbili na tumezitumia pamoja. Kwanza, kuacha kumimina. Nguzo sasa zinajengwa kwa mkono, mawe bapa yakilazwa safu kwa safu na chokaa nyembamba katikati, kama tulivyoona Kisiwani. Jiwe ndilo linalobeba, chokaa inalikalisha tu. Pili, kuongeza unga wa matofali ya kuchoma. Tofali lililochomwa likipondwa na kuchekechwa huungana na chokaa hata penye unyevu na pasipo hewa. Kipimo chetu: chokaa 1, unga wa tofali nusu, mchanga 2. Matofali mabovu tumepewa bure. Vijana walioyatwanga tumewapa sh. 30,000. Mchanga ni sh. 70,000.

Kupata pembe nane bila kufunga mbao: chukua ubao wa plaiwudi wa mraba sentimita 30, pima sentimita 8.8 kutoka kila kona pande zote mbili, kata kona. Tengeneza viwili. Kimoja kilaze chini, kingine kitundike juu ya kiunzi cha mirunda, uvilinganishe kwa timazi (kamba yenye uzito wa kupimia wima), kisha vuta kamba nane kutoka pembe hadi pembe. Mwashi anajenga ndani ya kamba. Nguzo nne zimekamilika kwa njia hii na hakuna iliyotumbuka.

Baada ya kazi hii namwelewa zaidi fundi wa karne ya 15. Nguzo ya jiwe moja ni kitu cha fahari, lakini lazima upate jiwe refu lisilo na ufa, ulichonge, ulivute, ulisimamishe. Nguzo ya kifusi yeyote anaweza kuirekebisha kwa mwiko na karai. Watu husema Kilwa ilikuwa imeshuka hadhi ndiyo maana ikajenga kwa kifusi. Sikubaliani nao. Naona ni fundi aliyechoka kuokota nguzo zilizovunjika.

8 Oktoba 2022: Matao

Kwa kifupi, yamekwenda vizuri. Matao ya Kilwa yana ncha, na ncha ina kazi: tao la ncha husukuma nguzo kwa nje kwa nguvu ndogo kuliko la nusu duara lenye upana huo huo. Kuchora kigezo, yaani umbo la mbao linaloshikilia tao likijengwa: kati ya nguzo na nguzo kuna sentimita 120. Weka alama katikati, kisha piga misumari miwili, mmoja sentimita 20 kushoto na mwingine sentimita 20 kulia. Kamba ya sentimita 80 kutoka msumari wa kushoto huchora upande wa kulia, na wa kulia huchora kushoto. Ncha itafika kama sentimita 77 juu.

Vigezo vinne vya plaiwudi na mbao, pamoja na mirunda ya kiunzi, ni sh. 210,000. Weka kabari chini ya kila mguu wa kigezo. Siku ya kuondoa utazigonga kidogo kidogo na tao litaukalia uzito wake polepole. Ukiking'oa kigezo kwa nyundo unalishtua tao.

19 Novemba 2022: Kuba imepasuka

Sehemu hii nitaieleza kwa kirefu, kwani ndiyo iliyotufundisha jengo.

Kuba ilihitaji kalibu. Juu ya jukwaa la mirunda tulisuka tenga la fito, tukalifunika majamvi, tukapaka udongo. Katikati ulisimama mti mmoja wima, na kwenye mti huo tulifunga ubao uliokatwa robo duara. Ukiuzungusha, unakwangua udongo mpaka unakuwa kuba kamili. Kwenye pembe nne tulitokeza mawe bapa, kila safu ikiingia ndani kidogo, mraba ukawa pembe nane, pembe nane ikawa duara. Kisha mawe ya kuba yenyewe kwa mzunguko, unene sentimita 12. Uzito wake, kwa hesabu tuliyoifanya darasani, umepita nusu tani.

Tuliiacha wiki nne chini ya magunia mabichi. Vuli imekataa kunyesha mwaka huu, jua ni kali, na magunia yalilazimika kulowekwa asubuhi na jioni, vinginevyo chokaa hukauka bila kuwa gumu. Tukagonga kabari. Kuba ilisimama. Siku ya pili ufa ukaonekana kwenye ncha ya tao la kaskazini, halafu la mashariki, upana wa kuingiza wembe. Tulipoteremsha timazi, kichwa cha nguzo ya kaskazini mashariki kilikuwa kimetoka nje sentimita 2.

Tulirudisha vigezo chini ya matao usiku huo huo, tukafunga kamba za katani kuzunguka vichwa vya nguzo na kuzikaza kwa kijiti. Asubuhi fundi aliivua kuba jiwe kwa jiwe, kuanzia kileleni.

Mchanganyiko haukuwa na shida. Mawe yalitoka yameshikana na chokaa mpaka mengine tuliyavunja kwa nyundo. Nguzo nazo hazikupondeka. Kilichotushinda ni kwamba tulichukua chumba cha katikati ya msikiti tukakisimamisha peke yake uwanjani. Kuba husukuma chini, na husukuma pia kwa nje, pande zote. Kisiwani, tao la chumba hiki likisukuma mashariki, tao la jirani linasukuma magharibi kwenye kichwa cha nguzo ile ile, na mwisho wa safu kuna ukuta mnene wa nje unaopokea kilichobaki. Nguzo ya katikati inabeba uzito wima tu, ndiyo maana inaweza kuwa nyembamba. Mwondolee jirani mmoja, nayo inaanza kulala.

Nimewarudisha wanafunzi kwenye picha tulizopiga Juni. Sasa wanaona wenyewe kwa nini sehemu nyingine za upanuzi bado zina kuba na nyingine ziko wazi mbinguni. Wakati mwanaakiolojia Neville Chittick anachimba Kilwa miaka ya 1960, paa lilikuwa hivyo hivyo, nusu nusu. Hakuna kuba inayoanguka peke yake. Inaacha majirani zake bila wa kuwasukuma.

Jambo lingine linalotokana na hili, nalo silioni likisemwa na waongoza wageni. Paa bapa la ukumbi wa kaskazini halisukumi nje. Boriti inalala, uzito unashuka. Ukumbi ule ungeweza kupoteza chumba kimoja na kilichobaki kisijali. Kuba ilileta upana wa macho na mwangwi mzuri wa sauti, ikaondoa utumwa wa boriti, na papo hapo ikawafanya vyumba vyote kuwa ndugu wa kufa pamoja.

14 Januari 2023: Mikono na boriti

Majirani hatukuweza kuwajenga, pesa ya wapi. Tumeweka badala yao. Kila nguzo sasa ina mikono miwili ya ukuta inayotoka nje, kila mkono ukifuata mstari wa tao lake, urefu wa sentimita 60 chini na kupungua kwa ngazi kwenda juu. Mikono minane kwa jumla, mawe yake sh. 75,000. Inaharibu sura kidogo, lakini ndiyo kazi ya ukuta wa nje wa msikiti, imekatwa vipande na kusogezwa karibu.

Tumefunga pia boriti nne za mkoko kutoka kichwa cha nguzo hadi kichwa cha nguzo, kwenye usawa ambapo tao linaanzia. Boriti hapa haibebi, inazuia nguzo zisiachane. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu na udai risiti, mikoko haikatwi holela. Boriti, mbao za kurekebishia kalibu na chokaa ya nyongeza: sh. 140,000.

Kuba ya pili imejengwa tofauti. Safu za chini ni mawe mazito, robo ya juu ni vipande vyenye matundu mengi vilivyochaguliwa kwa wepesi. Kileleni, upande wa ndani, tumeupachika bakuli la kauri la sh. 3,500 kutoka sokoni. Hilo si la Msikiti Mkuu, tumeliazima kwenye ule msikiti mdogo wa kuba ulio jirani yake, wenye vyumba tisa, ambao mafundi waliupamba kwa mabakuli ya kung'aa yaliyozamishwa kwenye dari. Wanafunzi walipiga kura. Mwalimu wa historia ndani yangu alipinga, akashindwa.

Kabari zimegongwa polepole kwa siku kadhaa. Timazi haijasogea.

25 Februari 2023: Maji

Mvua moja nzito imeonyesha kasoro iliyobaki. Nje, kati ya duara la kuba na mraba wa matao, kuna vibonde vinne kwenye pembe. Maji yalituama humo, na kesho yake ndani palikuwa na madoa yanayoshuka juu ya nguzo. Chokaa ikilowa na kukauka mara kwa mara huachia, na penye vumbi na unyevu mbegu ya mti huota. Mizizi ya miti ndiyo inayopasua magofu ya Kisiwani na Songo Mnara kila mwaka.

Tumejaza vibonde kwa kokoto za matumbawe na chokaa yenye unga wa tofali, tukavipa mteremko kuelekea nje, na kila pembe imepata mfereji wa kigae unaotema maji mbali na nguzo. Juu yake lipu mbili nyembamba za chokaa laini, ya pili ikasuguliwa kwa jiwe la mviringo mpaka ikang'aa. Mvua iliyofuata haikupita.

Hesabu nzima mpaka leo: vifaa na safari vilivyotajwa hapo juu ni sh. 1,208,500, na malipo ya fundi na saidia fundi sh. 780,000. Jumla sh. 1,988,500. Atakayeiga akaepuka moto wetu wa kwanza, nguzo ya kumimina na kuba isiyo na mikono, nadhani ataokoa robo ya pesa hiyo, nyingi ikiwa ya mafundi. Kama bajeti ni ndogo, nunua chokaa ya dukani, lakini ujira wa fundi anayejua kupanga mawe usiupunguze.

Ndani bado hakujapigwa lipu, na hatutapiga upande mmoja wa nguzo ya kusini magharibi, ili kifusi kionekane. Vigezo vya matao na ubao wa kuzungushia kuba viko stoo. Shule yoyote ya wilaya inaweza kuviazima kwa barua ya mwalimu mkuu. Masika yakipita tutateremsha timazi tena kwenye nguzo zote nne na kuandika hapa.